Mdhamini wa Fremu: Deni Lisiloonekana Kwenye Hati ya Mshahara

Mwaka juzi nilitia saini karatasi moja mjini Korogwe bila kuisoma hadi mwisho. Nalisema hili kwa aibu, kwa kuwa kazi inayoniweka mjini ni kuwafundisha vijana kusoma. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, alikuwa amepata fremu Manundu kwa ajili ya duka la vifaa vya simu. Kodi ilikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi, mkataba wa mwaka mmoja, malipo ya miezi sita kwa mkupuo. Aliniambia, "Mjomba, njoo unishuhudie tu." Tukakutana katika ofisi ya serikali ya mtaa, mbele ya mwenyekiti na muhuri wake. Mwenye fremu, mzee mstaafu mwenye adabu, akaninyooshea kidole mstari wa chini: "Mwalimu, wewe saini hapa." Nikasaini. Juu ya mstari ule palikuwa na neno moja ambalo jicho langu liliruka: Mdhamini.

Miezi sita ya kwanza ilikwisha salama. Ya pili haikulipwa. Mpwa wangu alikaa miezi minne akiahidi, kisha usiku mmoja akahamisha mali iliyobaki na kurudi kwa mama yake Handeni. Wiki tatu baadaye nilipokea barua ya madai: shilingi 600,000 za miezi minne aliyokaa bila kulipa, shilingi 300,000 za miezi miwili iliyosalia katika mkataba, na shilingi 230,000 za bili ya maji na matengenezo ya ukuta uliotobolewa kufungia rafu. Jumla shilingi 1,130,000. Barua haikuandikwa kwa mpwa wangu. Iliandikwa kwangu, na nakala ikapelekwa kwa mwajiri wangu.

Sisimulii haya ili kumlaumu mzee yule. Alijenga fremu tatu kwa kiinua mgongo chake, na kodi hizo ndizo zinazomnunulia dawa. Wala sitaki kumwanika mpwa wangu, ambaye alifanya kosa walilolifanya wafanyabiashara wengi kabla yake: aliamini kwamba wateja wa mwezi wa kwanza ndio wateja wa mwaka mzima. Ninayasimulia kwa sababu nilipoanza kuuliza wenzangu, walimu, wauguzi, maofisa kilimo na watendaji wa kata, niligundua kwamba wengi wana karatasi kama yangu mahali fulani, na wachache wanajua imeandikwa nini.

Tuanze na maneno, maana hapo ndipo tunapopotezana. Katika mikataba ya pango inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ofisi, watu watatu huweza kusaini upande wa mpangaji, na katika mazungumzo yetu wote watatu huitwa "aliyemsindikiza". Wa kwanza ni shahidi. Huyu anathibitisha kwamba aliona pande mbili zikisaini. Hadaiwi chochote, kesi ikija ataitwa kueleza alichokiona. Wa pili ni mpangaji mwenza. Huyu ni mpangaji kamili: anadaiwa kodi tangu siku ya kwanza, lakini pia ana haki ya kuitumia fremu. Wa tatu ni mdhamini. Huyu hana funguo, hana bidhaa, hana faida, lakini mpangaji akishindwa, deni ni lake. Kati ya watu hao watatu, mdhamini ndiye mwenye mzigo mkubwa kuliko wote ukiulinganisha na anachopata, yaani hakuna anachopata. Naye ndiye anayesaini kwa haraka kuliko wote, kwa kuwa anadhani yeye ni yule wa kwanza.

Sheria yetu iko wazi kuliko desturi yetu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema kuwa wajibu wa mdhamini unalingana na ule wa mdaiwa mkuu, isipokuwa mkataba wenyewe umesema vinginevyo. Kwa lugha ya mtaani: kama mpangaji anadaiwa milioni moja, mdhamini anadaiwa milioni moja, na mdai halazimiki kumaliza kwanza mbio za kumtafuta mpangaji ndipo amgeukie mdhamini. Atamwendea yule anayepatikana. Mtumishi wa umma anapatikana daima. Ana ofisi, ana mkuu wa idara, ana tarehe ya mshahara inayojulikana na mji mzima.

Lakini sheria hiyo hiyo imeweka kinga ambazo hatuzitumii. Mwenye jengo na mpangaji wakibadilisha masharti, tuseme wakipandisha kodi bila kumwambia mdhamini wala kupata ridhaa yake, mdhamini anaondolewa wajibu kwa yale yanayofuata mabadiliko hayo. Mdhamini aliyelipa anachukua nafasi ya mdai, na anaweza kumdai mpangaji kila alicholipa kihalali kwa niaba yake. Wakiwapo wadhamini wawili au zaidi wa deni moja, wanachangiana, hasara haimwangukii mmoja. Na mdai naye anawajibika kupunguza hasara yake pale inapowezekana. Hawezi kuiacha ikue ili mtu mwingine ailipe.

Kinga hii ya mwisho ndiyo iliyoniokoa kwa kiasi. Nilipokwenda Korogwe nilikuta fremu ina mpangaji mpya, fundi cherehani, aliyeingia mwezi uleule mpwa wangu alipoondoka. Nikamwambia mzee kwa heshima, "Mzee wangu, miezi minne nitalipa, na maji na ukuta nitalipa. Lakini miezi miwili hii umeshaipata kwa mwingine. Huwezi kuikusanya mara mbili." Alikaa kimya kidogo, akacheka, akasema, "Mwalimu, sasa leo ndiyo umeusoma mkataba." Tukakubaliana shilingi 830,000. Nililipa kwa miezi minne. Mke wangu aliijua dhamana hiyo siku barua ilipofika, na hilo ndilo lililonigharimu zaidi.

Hapa kuna jambo la kutafakari. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kuiuza wala kuiweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Tunaelewa kwamba nyumba ni ya wote. Pia watumishi wa umma tunaufahamu utaratibu unaotaka makato ya mikopo yamwachie mtumishi angalau theluthi moja ya mshahara wake. Kinga zote mbili zinalenga jambo moja: mtu asizamishe kaya yake kwa kalamu. Dhamana ya fremu inazipita zote mbili. Haihitaji ridhaa ya mwenzi, na haionekani kwenye hati ya mshahara. Mwalimu anaweza kuwa na theluthi yake salama kabisa katika kumbukumbu za mwajiri, ilhali amedhamini fremu mbili Chanika, moja Mkata na bodaboda moja Kabuku. Katika karatasi yuko huru. Katika ukweli anadaiwa na watu wanne ambao bado hawajabisha hodi.

Kwa nini wenye majengo wanataka mdhamini? Si kwa ukatili. Sheria ya Kudhibiti Pango ya mwaka 1984, ambayo ilikuwa na mabaraza yake ya nyumba, ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo, uhusiano wa mwenye fremu na mpangaji wake umeachwa kwa sehemu kubwa uamuliwe na mkataba wao. Mgogoro ukizuka, Baraza la Kata tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 lina kazi ya kusuluhisha tu, halitoi hukumu. Asiyeridhika huenda mbele, na huko mbele kuna gharama na tarehe. Mstaafu mwenye fremu tatu hana wakili. Hawezi kujua kama kijana aliye mbele yake aliwahi kukimbia kodi Muheza au Segera. Kwa hiyo anajikinga kwa njia mbili anazozimudu: kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na jina la mtu mwenye mshahara. Anayeichukia dhamana bila kuona woga wa mzee huyu hatatoa suluhisho lolote.

Hata hivyo, woga wa haki unaweza kuzaa utaratibu usio wa haki. Tazama ni nani anayefungiwa mlango. Handeni ni wilaya ya wakulima na wafugaji. Mtu wa Sindeni au Misima anaweza kuwa na ekari za mahindi, mbuzi na nyumba ya bati, na rekodi ya uaminifu inayojulikana kijiji kizima. Binti yake akienda mjini kutafuta fremu ya saluni, utajiri huo wote hautambuliki. Anaulizwa, "Una mdhamini mtumishi?" Hana. Wakati huohuo mtoto wa mwalimu mkuu, ambaye pengine hajawahi kuuza hata karanga, anapewa funguo siku hiyohiyo. Tumeligeuza soko la fremu kuwa mtihani wa ukoo. Swali limekuwa ni mjomba wa nani anasoma barua za mwajiri, na uwezo wa biashara ya kijana mwenyewe umesahauliwa.

Na hili la mjomba silisemi kwa utani. Sisi Wazigua kwa asili tulihesabu ukoo upande wa mama, na mjomba alikuwa na sauti na wajibu juu ya watoto wa dada zake. Mpwa akiharibu, mjomba alisimama. Desturi hiyo ina heshima yake, nami sioni haya kuibeba. Lakini ilikuwa na masharti ambayo leo tumeyasahau. Mjomba aliyesimama kwa ajili ya mpwa alikuwa pia na mamlaka juu yake: alishauriwa kabla, alimwona kila siku, aliweza kumzuia. Leo mdhamini anaishi mji mwingine, haoni daftari la mauzo, haulizwi bei wala mahali, na anaitwa siku mbili tu: siku ya saini na siku ya deni. Tumebakiza mzigo wa mjomba na kuondoa mamlaka yake.

Nchi yetu ya Uzigua ina historia ndefu ya jambo hili. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake kuhusu kaskazini mashariki ya Tanzania kati ya mwaka 1840 na 1940, ameonyesha jinsi watu wa kawaida walivyowategemea wakubwa wenye akiba pale njaa ilipoingia. Utegemezi huo uliokoa maisha, na pia ulijenga ngazi ya nani yuko juu na nani yuko chini. Dhamana ya leo si utumwa wala njaa, na sitaki kukuza mambo. Lakini mantiki yake inafanana: asiye na mtu mkubwa wa kumsimamia, hana pa kusimama. Jamhuri haikuundwa ili raia aendelee kuhitaji mkubwa kwa kila mlango. Hebu tuhesabu: mahakamani tunaomba dhamana, mkopo wa elimu ya juu unataka mdhamini, ajira zinataka wadhamini, taasisi ndogo za fedha zinataka wadhamini, na sasa fremu ya mita tatu kwa tatu. Wasomaji wangu wanafunzi wanajua ninachosema. Wengine walishaanza kuomba saini za watu kabla hawajaanza kunyoa ndevu.

Kuna na upande mwingine usiosemwa sana. Pale ambapo mkataba hautaji mdhamini, mdhamini mara nyingi yupo nyuma ya pazia. Kodi ya mwaka ya fremu ya shilingi 150,000 ni shilingi 1,800,000. Ongeza ushuru wa stempu wa asilimia 1, ambao ni shilingi 18,000, na kodi ya zuio ya asilimia 10, ambayo ni shilingi 180,000. Kodi hiyo ya zuio kisheria hukatwa kwenye pango la mwenye jengo, lakini katika mitaa yetu mpangaji mara nyingi huishia kuibeba yeye ili apate karatasi zake za mamlaka ya mapato. Kabla hajanunua bidhaa hata moja, kijana ameshatumia karibu milioni mbili. Anazipata wapi? Anakopa, na mkopo una mdhamini. Kwa hiyo hata pale mwenye fremu anapojisifu kwamba "mimi sihitaji mdhamini, nataka kodi ya mwaka tu", amesukuma tu dhamana kutoka mezani kwake kwenda kwenye meza ya mkopeshaji, pamoja na riba.

Je, tukatae kudhamini? Wapo wanaonishauri hivyo. Wananikumbusha kwamba Kitabu cha Mithali kinawaonya wanaojifunga kwa ajili ya deni la mwingine, na kwamba masheikh wetu wanafundisha kuwa mwenye kudhamini anawajibika kulipa. Nayakubali mafundisho hayo, ila sioni kama yanatuambia tuwaache vijana barabarani. Yananiambia jambo la maana zaidi: dhamana ni deni, basi iandikwe kama deni. Hakuna anayekopa bila kujua kiasi, muda na siku ya mwisho. Kwa nini tudhamini bila kujua hayo matatu?

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, kwa makundi manne.

Kwanza, kwa mdhamini. Usisaini mstari wa chini. Andika ukurasa wako. Ukurasa huo useme kiwango cha juu, kwa mfano kodi ya miezi mitatu na si zaidi. Useme muda, kwamba dhamana inaisha mkataba wa kwanza unapoisha, na haijirudii mkataba ukihuishwa. Useme taarifa, kwamba mwenye fremu atamjulisha mdhamini kwa maandishi ndani ya siku 14 kodi inapochelewa, na asipofanya hivyo mdhamini hatadaiwa malimbikizo ya baadaye. Na useme funguo, kwamba siku mpangaji atakapokabidhi fremu tupu na funguo zake, wajibu wa mdhamini kwa kodi ya siku zinazofuata umekoma. Hili la funguo si ndoto yangu. Katika jiji la New York, ambako wenye majengo si watu wa huruma, aina hiyo ya dhamana ya kikomo ni ya kawaida sana kwa maduka madogo. Wenye majengo wanaikubali kwa sababu kupata fremu tupu mapema ni afadhali kuliko kuwa na kesi ndefu. Na kwa kuwa sheria yetu inasema wajibu unalingana "isipokuwa mkataba umesema vinginevyo", mlango uko wazi. Ni sisi tusioupita.

Pili, kwa mwenye fremu. Amana ya miezi miwili, inayorudishwa fremu ikikabidhiwa salama, pamoja na kodi ya kila miezi mitatu, inakulinda vizuri kuliko saini ya mwalimu aliye mbali. Ukilipwa kila miezi mitatu unajua mapema biashara ikianza kuyumba. Ukilipwa kwa mwaka unajua siku ambayo mpangaji ameshatoroka.

Tatu, kwa halmashauri. Katika miji yetu halmashauri ni mwenye vibanda vya masoko na stendi. Yeye ndiye anayeweza kuonyesha njia. Tayari tunayo mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, inayotolewa kwa vikundi. Mkopo huo usitengane na eneo la kufanyia biashara. Kikundi kilichokopeshwa na halmashauri kisiambiwe tena kitafute mtumishi wa kukidhamini ili kipangishwe kibanda cha halmashauri hiyohiyo. Nakiri kwamba dhamana ya kikundi nayo ina machozi yake. Mmoja akitoroka, waliobaki, mara nyingi akina mama, ndio wanaolipa. Ndiyo maana kiwango na muda viandikwe huko pia. Na maofisa biashara na maendeleo ya jamii wa Handeni na Korogwe wanaweza kufanya jambo moja wiki hii bila bajeti: kuandaa mfano wa mkataba wa pango kwa Kiswahili chepesi, wenye sehemu tatu tofauti za shahidi, mpangaji mwenza na mdhamini, na kuubandika katika kila ofisi ya mtaa.

Nne, kwa watunga sheria. Jirani zetu Kenya wana sheria mahsusi ya wapangaji wa maduka, hoteli na migahawa, Sura ya 301, tangu miaka ya 1960, na baraza lake maalumu la kusikiliza migogoro ya pango la biashara. Ina kasoro zake, na Wakenya wenyewe wanaijadili. Lakini inakiri ukweli mmoja ambao sisi tuliuacha mwaka 2005: mwenye fremu na muuza vocha hawakai mezani wakiwa na nguvu sawa. Nchi inayohimiza vijana wajiajiri haiwezi kuacha mlango wa kwanza wa kujiajiri, yaani fremu, bila sheria yake yenyewe.

Nimalizie pale nilipoanzia. Dada yangu hakunipigia simu kwa wiki sita, si kwa hasira, kwa aibu. Mpwa wangu ameanza kunirudishia shilingi 50,000 kwa mwezi. Ameshalipa mara tano na hajaruka hata mmoja. Wiki iliyopita alinipigia. Amepata fremu nyingine, safari hii Handeni mjini, Chanika, ndogo zaidi, shilingi 80,000 kwa mwezi, na amefanya hesabu ambazo mara ya kwanza hakuzifanya. Akasita, kisha akasema, "Mjomba, wanataka mdhamini."

Nilimjibu kwamba nitadhamini. Lakini safari hii mke wangu ameusoma ukurasa kabla yangu, na ukurasa ni wetu: miezi mitatu, shilingi 240,000, mwaka mmoja, taarifa ya siku 14, na wajibu unaokoma funguo zikirudi. Mwenye fremu ameuchukua, akasema hajawahi kuona mdhamini anayeweka masharti, na ameomba siku mbili za kufikiri.

Nimempa. Na mpwa wangu amejua kwamba mama huyo akikataa, sitasaini karatasi nyingine.